Homoni za mafuta mwilini: Mlo wa wavuvi na siri ya unene

UNENE umekuwa ukielezwa kwa hesabu nyepesi: anayekula kupita kiasi hunenepa, na anayejinyima hupungua. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini huacha swali moja bila jibu. Kwa nini watu wengi wanaojinyima chakula hupungua kwa wiki chache tu, kisha uzito wao ukarejea pale pale au hata kuzidi ule wa awali?

Wataalamu wa afya sasa wanalitafuta jibu ndani ya mafuta yenyewe. Imebainika kwamba mafuta yaliyo chini ya ngozi na yale yanayozunguka matumbo si ghala tu la chakula kilichozidi. Ni kiungo hai kinachotengeneza homoni, kuzimwaga katika damu na kupeleka taarifa kwenye ubongo, ini, misuli na mishipa ya damu.

Homoni hizo hubadilika kulingana na kile mtu anachokula na jinsi anavyoutumia mwili wake. Tanzania ina nafasi ya pekee katika elimu hiyo, kwani baadhi ya ushahidi unaotajwa mara kwa mara duniani ulitoka kwa wanakijiji wa Ludewa, mbali na maabara za Ulaya na Marekani.

Ushahidi huo una uzito kwa wakazi wa delta ya Mto Rufiji, ambako samaki na kazi za mikono vimekuwa sehemu ya maisha kwa karne nyingi. Una uzito zaidi kwa wale wanaotoka delta kwenda Kibiti mjini na Dar es Salaam, wakiacha kasia na jembe na kukuta chipsi, soda na usafiri wa pikipiki.

Mafuta si ghala tupu

Habari ya homoni za mafuta ilianza na panya. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor nchini Marekani, waligunduliwa panya waliokula bila kushiba na kunenepa kupita kiasi kwa sababu ya kasoro ya kurithi.

Mtafiti Douglas Coleman wa maabara hiyo baadaye aliunganisha mzunguko wa damu wa panya hao na ule wa panya wa kawaida. Panya wanene wakaanza kula kidogo na kupungua. Kwa Coleman hiyo ilikuwa dalili kwamba panya wa kawaida wana kitu katika damu kinachoutuliza mlo, na kwamba wale wanene wamekikosa.

Kitu hicho kilipatikana Desemba 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipotangaza kuwa wameigundua jeni inayohusika. Homoni inayotokana na jeni hiyo ilipewa jina la leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

Leptini hutengenezwa na seli za mafuta. Kadiri mafuta yanavyoongezeka mwilini, ndivyo leptini inavyoongezeka katika damu. Homoni hiyo husafiri hadi sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, yenye kazi ya kuratibu njaa, joto la mwili na matumizi ya nishati.

Taarifa inayopelekwa yaweza kufananishwa na ile ya mtunza ghala anayemwarifu mwenye nyumba: akiba ipo ya kutosha, hakuna haja ya kuhangaika. Akiba inaposhuka, leptini hupungua, na ubongo huamuru mtu atafute chakula.

Umuhimu wa homoni hiyo kwa binadamu ulithibitishwa mwaka 1997, pale madaktari nchini Uingereza walipoeleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Mmoja, msichana wa miaka minane, alikuwa na uzito wa kilo 86. Mwingine, mvulana wa miaka miwili, alikuwa na kilo 29. Sindano za leptini zilizoanza kutumika baadaye ziliituliza njaa hiyo isiyokoma.

Sauti inayopigwa bila kusikika

Ugunduzi huo ulileta matumaini makubwa kwamba tiba ya unene imepatikana. Matumaini hayo hayakudumu.

Ilibainika kuwa watu wengi wanene hawana upungufu wa leptini. Kinyume chake, wanayo kwa wingi. Tatizo lao ni kwamba ubongo hausikii vizuri ujumbe wake, kama mtu aliyezoea kelele za mashine ya kukoboa nafaka hata asiisikie tena. Hali hiyo huitwa ukinzani wa leptini.

Majaribio ya kuwadunga watu wanene leptini ya ziada, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1999, yalitoa matokeo hafifu. Hadi sasa leptini hutumika kama dawa kwa wagonjwa wachache wenye maradhi adimu, wakiwamo wale ambao miili yao haina mafuta ya kutosha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2014.

Kwa sababu hiyo, leptini nyingi katika damu ya mtu asiyekuwa mgonjwa wa maradhi hayo huchukuliwa kuwa dalili ya mafuta yaliyozidi na ubongo uliochoka kusikiliza.

Wanawake kwa kawaida huwa na leptini nyingi kuliko wanaume wenye uzito unaolingana nao, kwa vile maumbile yao yana mafuta zaidi na homoni za kike huchangia. Leptini pia huujulisha mwili kama una akiba ya kubeba ujauzito. Ndiyo maana mwanamke aliyekonda kupita kiasi huweza kukosa hedhi.

Homoni inayopungua mtu anaponenepa

Leptini si homoni pekee ya mafuta. Kuanzia mwaka 1995 makundi kadhaa ya watafiti yaligundua, kila moja kwa njia yake, homoni nyingine iliyokuja kuitwa adiponektini.

Tabia yake ni ya ajabu. Ingawa hutengenezwa na seli za mafuta, hupungua mtu anaponenepa na kuongezeka anapopungua uzito.

Adiponektini huisaidia insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho kwa ajili ya kuingiza sukari kwenye misuli na kulizuia ini lisimwage sukari ya ziada katika damu. Aidha, hutuliza mwako wa ndani, yaani hali ya kinga ya mwili kubaki imeamshwa muda wote ingawa hakuna kidonda wala vijidudu vya kupambana navyo.

Inapopungua, insulini hugonga mlango wa misuli bila kufunguliwa. Kongosho hulazimika kutengeneza insulini zaidi na zaidi, na inapochoka mtu hupata kisukari cha aina ya pili.

Seli za mafuta zilizojaa kupita kiasi huvuta pia seli za kinga, nazo humwaga kemikali zinazouendeleza mwako huo. Kemikali hizo huchangia kuharibu kuta za mishipa ya damu, na hapo ndipo unene unapokutana na shinikizo la damu, kiharusi na maradhi ya moyo.

Mahali mafuta yalipo pia ni jambo la msingi. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara makubwa yakilinganishwa na yale yanayojificha ndani ya tumbo kuzunguka ini na utumbo. Kwa hiyo kitambi, ambacho baadhi ya watu bado wanakitazama kama alama ya neema, ndicho kinachowatia hofu zaidi madaktari.

Samaki wa Ziwa Nyasa

Katika miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Paolo Pauletto wa Chuo Kikuu cha Padua, Italia, walifika wilayani Ludewa, kusini mwa nyanda za juu. Walikuta jambo ambalo ni vigumu kulipata Ulaya: watu wa eneo moja, wanaofanana kwa mengi, lakini wanaotofautiana kwa chakula.

Kundi la kwanza liliishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku, kati ya gramu 300 na 600. Kundi la pili liliishi milimani upande wa Lugalawa na kula vyakula vya mimea. Makundi yote mawili yalifanya kazi za nguvu, na watu wanene walikuwa wachache mno.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la tiba la The Lancet. Walaji wa samaki walikuwa na shinikizo la chini kuliko wenzao wa milimani, na mafuta katika damu yao yalikuwa katika hali nzuri zaidi. Waliokutwa na shinikizo la damu lililothibitika walikuwa asilimia 2.8 miongoni mwa walaji wa samaki, na asilimia 16.4 miongoni mwa walaji wa mimea.

Mwaka 2002, jarida la Circulation la Marekani lilichapisha sehemu nyingine ya utafiti huo, safari hii ikihusu leptini. Walipimwa watu 608, kati yao 279 wakiwa walaji wa samaki na 329 walaji wa mimea. Umri wao, uzito wao kwa kulinganisha na urefu na kiasi cha nishati katika chakula chao vilikaribiana.

Pamoja na kukaribiana huko, leptini yao ilitofautiana sana. Miongoni mwa wanaume, kiwango cha kati kilikuwa nanogramu 2.5 kwa mililita moja ya damu kwa walaji wa samaki, dhidi ya 11.2 kwa walaji wa mimea. Miongoni mwa wanawake kilikuwa 5.0 dhidi ya 11.8.

Kilichowashangaza zaidi watafiti ni kwamba wanawake wa ufukweni walikuwa na leptini ndogo kuliko wanaume wa milimani, jambo lililo kinyume cha kanuni ya maumbile.

Maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda mafuta ya samaki, hasa yale ya jamii ya omega-3, huifanya leptini kidogo itoshe kufanya kazi, kama ujumbe unaosikika vyema bila kupazwa sauti. Inafaa kukumbuka kwamba samaki hao walikuwa wa maji baridi, wala si wale wa bei kubwa wanaotoka bahari za mbali.

Hata hivyo, utafiti wa kulinganisha watu wa sehemu mbili hauwezi peke yake kuthibitisha kuwa samaki ndiye chanzo cha tofauti yote. Mlima na ufukwe hutofautiana kwa mengi. Majaribio mengine ya kuwapa watu mafuta ya samaki yameonyesha ongezeko la adiponektini, ingawa ni dogo. Ushahidi unaelekea upande mmoja, lakini haumfanyi samaki kuwa dawa ya kunywa mara tatu kwa siku.

Kutoka delta hadi kando ya barabara

Kilomita nyingi mashariki ya Ludewa, Mto Rufiji hugawanyika katika mikono kadhaa kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Hapo kuna mmoja wa misitu mikubwa ya mikoko katika Afrika Mashariki, na ndani yake kuna vijiji vya wavuvi na wakulima wa mpunga vilivyo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katika miaka ya 2010.

Delta si Ziwa Nyasa, na mlo wake si ule ule. Wali, muhogo na nazi vina nafasi kubwa, na tui zito lina nishati nyingi. Lakini kambare na perege wa mtoni, samaki wa baharini, kamba na kaa wa mikokoni wamekuwa kitoweo cha karibu, mara nyingi kikichemshwa, kikichomwa au kukaushwa kwa moshi.

Kazi nazo hazikuwahi kuwa nyepesi. Mtumbwi husukumwa kwa kasia au upondo, nyavu huvutwa kwa mikono, mpunga hulimwa kwa jembe na hulindwa dhidi ya ndege na nguruwe kutoka kwenye madungu yaliyojengwa juu ya nguzo mashambani. Sehemu nyingi za delta hazifikiki kwa gari hata leo.

Mji wa Kibiti, takriban kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam, una sura nyingine. Uko kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, ambayo imekuwa na pilika nyingi zaidi tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003. Kama ilivyo katika miji mingine ya kando ya barabara, ni rahisi kupata chapati, maandazi, chipsi, mishikaki na soda kuanzia asubuhi hadi usiku, na safari iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda.

Mabadiliko ya namna hiyo huingia mwilini upesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia Watanzania 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuhama na kupimwa tena baada ya miezi 12.

Ndani ya mwaka huo mmoja, wanaume waliongezeka wastani wa kilo 2.3 na wanawake kilo 2.35. Wanaume waliokuwa wakifanya shughuli za nguvu kwa kiwango cha juu walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5. Kwa wanawake walishuka kutoka asilimia 37.8 hadi 15.6.

Takwimu za taifa zinaonyesha mwelekeo huo huo. Kwa mujibu wa tafiti za afya na idadi ya watu, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 mwaka 2015/16. Mijini walikuwa wengi zaidi kuliko vijijini.

Ushahidi mpya zaidi umetoka Kaskazini mwa nchi. Utafiti uliochapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine uliwahusisha vijana wa kiume 77 wenye afya njema wa mkoani Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili, kama ndizi, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, walipewa vyakula vya mtindo wa Kimagharibi kwa wiki mbili. Wengine, waliozoea vyakula vya mtindo huo, walipewa vya asili.

Waliohamia vyakula vya Kimagharibi walionyesha ongezeko la viashiria vya mwako wa ndani. Waliohamia vya asili walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili tu zilitosha kuugeuza mwili upande huu au ule.

Mazoezi hufanya nini hasa

Wengi hufanya mazoezi wakitarajia mizani ishuke, na isiposhuka huacha. Hapo ndipo elimu ya homoni inapoleta faraja.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kwa kiasi kidogo kuliko inavyosadikiwa. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, ukachapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake, ulikuta kwamba jumla ya nishati wanayoitumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haitofautiani na ya watu wa Marekani na Ulaya, ingawa Wahadzabe hutembea mno kila siku katika kuwinda na kuchimba mizizi.

Hiyo haina maana kwamba kutembea ni bure. Wahadzabe ni wembamba na wana mioyo yenye afya. Mwili unaotumika hugawa nishati yake kwa namna tofauti, na faida yake huonekana ndani kabla ya kuonekana kwenye mizani.

Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini. Mafuta ya ndani ya tumbo hupungua mapema, wakati mwingine kabla uzito haujashuka. Kadiri mafuta hayo yanavyopungua, leptini hushuka na mwako wa ndani hupoa.

Zoezi la siku moja halibadilishi leptini kwa kiasi cha maana, isipokuwa liwe refu na zito mno. Mabadiliko huja kwa mazoea ya wiki na miezi. Adiponektini nayo huongezeka vizuri zaidi pale mazoezi yanapoambatana na mlo uliorekebishwa.

Mfano unaotajwa sana ni ule wa Naples, Italia, uliochapishwa mwaka 2003. Wanawake wanene 120 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu yao walielekezwa kula mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, karanga na mafuta ya zeituni, na kuongeza mwendo wa miguu. Hao walipungua uzito zaidi ya wenzao, adiponektini yao ikapanda, na viashiria vya mwako wa ndani vikashuka.

Kwa nini uzito hurejea

Ukubwa wa mabadiliko ya homoni unaofuatana na kupungua uzito ni wa kushangaza. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996, watu wanene waliopungua asilimia 10 ya uzito wao walishuka leptini kwa asilimia 53. Mwingine wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo na kupungua kwa takriban moja ya tano waliongezeka adiponektini kwa asilimia 46.

Kupanda kwa adiponektini ni habari njema tupu. Kushuka kwa leptini kuna pande mbili.

Kwa upande mmoja ni alama kwamba mafuta yamepungua. Kwa upande mwingine, ubongo uliozoea leptini nyingi huichukulia nafuu hiyo kama baa la njaa. Njaa huongezeka, chakula huanza kunukia kuliko kawaida, na mwili hubana matumizi yake ya nishati.

Watafiti wa Australia waliliangalia jambo hilo kwa watu 50 waliowekwa kwenye mlo mdogo sana kwa wiki 10, kisha wakachapisha matokeo mwaka 2011. Washiriki walipungua wastani wa kilo 13.5. Mwaka mmoja baadaye, leptini yao ilikuwa bado chini, njaa yao ilikuwa bado juu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuanza, na sehemu ya uzito ilikuwa imerejea.

Hivyo, anayerejewa na uzito baada ya kujinyima si lazima awe mlafi wala mvivu, kama jamii inavyopenda kumhukumu. Anapambana na homoni zilizoumbwa kumwokoa binadamu na ukame. Kwa wazee wa Rufiji, walioona mafuriko na ukame vikiharibu mpunga, mwili wenye kulinda akiba ulikuwa baraka. Tatizo limezuka pale njaa ilipokoma kuja na chakula kikabaki mlangoni mwaka mzima.

Yanayoweza kufanyika

Ushahidi huo unatoa mafunzo kadhaa yanayoweza kutekelezwa nyumbani.

La kwanza ni kuepuka kujinyima kwa ghafla. Haraka haraka haina baraka: kadiri uzito unavyoporomoka upesi, ndivyo leptini inavyoshuka kwa kishindo. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito, taratibu na kwa kudumu, kunatosha kuboresha sukari, shinikizo la damu na homoni za mafuta.

La pili ni kutodharau samaki wa kawaida. Dagaa, kambare, perege na vibua, wakichemshwa, wakichomwa au kupikwa kwa tui jepesi, ni kitoweo bora kuliko nyama ya kukaanga au soseji. Samaki aliyezamishwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi hupoteza sehemu kubwa ya faida yake.

La tatu ni kupunguza vinywaji vyenye sukari na wanga uliokobolewa, na kuongeza mboga za majani, kunde, choroko, matunda na nafaka zisizokobolewa. Vyakula hivyo hushibisha kwa muda mrefu na huufanya mwili usihitaji insulini nyingi kwa mara moja.

La nne ni kutembea. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano, pamoja na kazi za kuimarisha misuli siku mbili. Kushuka kituo kimoja kabla, kulima bustani au kuchota maji kunahesabika sawa na mazoezi ya ukumbini.

La tano ni kupima kiuno. Kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari hutumia kipimo cha sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Anayevuka hapo anashauriwa kupima sukari na shinikizo la damu, hata kama hajisikii kuumwa. Mwenye kisukari anayetumia dawa anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kubadili mlo, kwa sababu sukari yaweza kushuka kupita kiasi.

La mwisho ni tahadhari juu ya vidonge vinavyouzwa kwa madai kuwa vina leptini. Leptini ni protini. Ikimezwa, tumbo huisaga kama lisagavyo nyama au maharage, na haiwezi kufika kwenye damu ikiwa nzima.

Unene si aibu ya mtu mmoja, wala wembamba si sifa ya utashi peke yake. Vyote hutegemea mazungumzo yasiyokoma kati ya mafuta, misuli na ubongo, yanayoendeshwa na chakula na kazi za kila siku.

Wavuvi wa Ziwa Nyasa hawakuwa na mizani wala orodha ya mlo. Walikuwa na samaki, jasho na umbali wa kutembea. Watu wa delta ya Rufiji nao wamekuwa na vitu hivyo, na thamani yake kiafya ni kubwa kuliko inavyoonekana sokoni. Anayehamia Kibiti au Dar es Salaam hana budi kuviacha vyombo vya uvuvi na jembe, lakini kitoweo na mwendo wa miguu anaweza kwenda navyo.